Esophagogastroduodenoscopy: tulikate wapi dude hili ili ulimi ulimudu?

Ticha wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha stadi za mawasiliano kwenye chuo cha afya. Kila muhula kuna wanachuo wanaosimama mbele ya wenzao kuwasilisha kisa cha mgonjwa. Wanateremka vizuri kabisa, malalamiko ya mgonjwa, historia, uchunguzi wa mwili, halafu wanafika mstari wa vipimo na kukutana na hili:

esophagogastroduodenoscopy

Hapo ndipo kikohozi huanza. Mwingine anasema "isofago, gastro, na kadhalika". Mwingine anarukia kifupisho chake, OGD, na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na huyo simlaumu sana, maana hata mabingwa wodini wanasema OGD. Ila siku ya mtihani wa mdomo msimamizi akikwambia "taja kirefu chake", kifupisho hakitakuokoa.

Neno lina herufi 26 na silabi 12. Wengi wanadhani tatizo ni urefu. Hapana. Mswahili anasema "wasingalituharakishia", silabi kumi hizo, huku anatafuna muhogo wala hajikwai, kwa sababu anajua vipande vimeungwa wapi. Kuku hukatwa kwenye kiungo, hakatwi katikati ya mfupa. Tatizo la maneno ya kidaktari ni kwamba yana viungo vya aina mbili, na vyuoni tunafundisha aina moja tu.

Mkato wa kwanza ni wa maana:

esophago / gastro / duodeno / scopy

Umio, tumbo, duodeni (kile kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba), kutazama. Tazameni mpangilio wenyewe: vipande vimefuatana kwa njia ileile unayopita mpira wa kamera unaoingizwa mdomoni kwenye kipimo hiki. Unaanza na umio, unaingia tumboni, unaishia kwenye duodeni. Mtu aliyewahi kukiona kipimo hiki kikifanyika hana haja ya kukariri chochote, anausindikiza mpira tu.

Mkato wa pili ni wa mdomo. Nauandika kwa herufi zetu, silabi zenye mkazo nimezikuza:

i-SO-fa-go-GAS-tro-DYU-o-di-NOS-ko-pi

Sasa tazameni mwisho wa neno kwenye mikato yote miwili. Kwa maana tulikata duodeno / scopy. Kwa mdomo, ile s imewaacha wenzake ikarudi nyuma kujiunga na no: NOS-ko-pi. Mkazo mkuu wa neno zima umekaa papo hapo. Mwanachuo aliyefundishwa mizizi anaijua scopy, anaiona imekaa mwishoni kama neno linalojitegemea, basi anapumzika kabla yake na kuipa nguvu zote: duodeno... SKOpi. Amekata kwa maana mahali pa kukata kwa mdomo. Msikilizaji wa Kiingereza ataelewa, lakini kuna uwezekano mkubwa atamwomba arudie.

Kiingereza kina desturi hiyo hata nje ya hospitali. Helikopta: helico ni mzunguko kama wa parafujo, pter ni bawa. Nani anakata hapo? Wote wanasema heli-copter, na wameshazoea hadi heli imekuwa kama neno lake lenyewe.

Kanuni inayonisaidia darasani ni hii. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na scopy, logy, graphy, tomy, metry huweka mkazo mkuu kwenye silabi ya TATU kutoka mwisho. Endoscopy ni en-DOS-co-py. Biology ni bi-OL-o-gy. Radiography ni ra-di-OG-ra-phy. Spirometry ni spi-ROM-e-try. Lakini mkia ukibadilika, mkazo unahama: endoscope mkazo uko mwanzo, EN-do-scope, na endoscopic unaangukia SCOP. Kwa hiyo usikariri mkazo wa kichwa cha neno, tazama mkia.

Namna ya kulizoea: anzia nyuma. Watu wanalivamia neno kutoka mbele, pumzi inaisha kabla hawajafika penye mkazo. Fanya hivi, kwa sauti:

kopi
NOSkopi
diNOSkopi
dyuodiNOSkopi
gastro-dyuodiNOSkopi
isofago-gastro-dyuodiNOSkopi

Kila unapoongeza kipande unaelekea sehemu ambayo ulimi umeshaizoea. Ukilianza kutoka mbele ni kinyume chake, kila hatua unaingia usikokujua. Darasani tunaimba hivi kwa dakika chache tu, na hata wale wa kukohoa wanalitoa bila kusita.

La mwisho kabla sijawaachia uwanja. Vitabu vya Uingereza, ambavyo ndivyo vimejaa maktaba zetu, vinaandika oesophago-, kwa oe. Mswahili akiona oe anasoma irabu mbili, kama kwenye "toeni", maana kwetu kila irabu ina silabi yake. Hapo zinapatikana silabi 13 na neno linapinda toka mwanzo. Ile oe ni sauti moja tu, i. Na hiyo o iliyoandikwa bila kutamkwa ndiyo iliyotupa herufi ya kwanza ya OGD.

Karibuni. Walimu wa Kiswahili najua mpo, njooni mnikosoe.

---

Chumvi Kidogo

Nipo siti ya mbele na bisi mkononi. Swali la kizushi: kwa nini tusiseme tu "kumeza kamera"? Bibi yangu alipelekewa hiyo, akaelewa, akaenda, akarudi.

---

Ticha wa Zamu

Kwa bibi hilo ndilo neno sahihi, na daktari anayemwambia bibi "esophagogastroduodenoscopy" anajisemea mwenyewe. Mimi nazungumzia mtahiniwa na mtu anayesoma ripoti mbele ya jopo. Kila mahali na neno lake.

---

Mwalimu Tega Sikio

Umetuita, tumekuja.

Kwenye Kiingereza sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni kwamba umeandika "isofago-gastro-dyuodinoskopi" kwa herufi zetu, halafu ukaacha watu waamini hiyo ndiyo Kiswahili. Siyo. Hiyo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Neno likiingia Kiswahili linapokelewa kwa masharti ya mwenyeji, na sharti kubwa ni mkazo kukaa silabi ya PILI kutoka mwisho.

Mifano tunayo mdomoni kila siku. Mwingereza anasema ma-LA-ri-a, ya tatu kutoka mwisho. Sisi tunasema ma-la-RI-a. Kamera kwake mkazo uko KA, kwetu ka-ME-ra. Hospitali kwao ni HOS, sisi tumelipa neno i ya mwisho tukavuta mkazo mpaka TA: hos-pi-TA-li. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hayo. Kwa hiyo endoskopi ya Kiswahili ni e-ndo-SKO-pi, na lile dude lako, likija kusajiliwa kwetu, litakuwa:

e-so-fa-go-gas-tro-du-o-de-no-SKO-pi

Yule mwanachuo wako anayesema SKOpi huenda hajakosea mkato hata kidogo. Anatamka Kiswahili sanifu ndani ya mtihani wa Kiingereza!

Nimeandika gas-tro nikijua kuna watakaosimama. Silabi asilia ya Kibantu huishia na irabu, na wapo wanaosema tukate ga-stro ili silabi ibaki wazi. Mimi siko huko. Tunafundisha dak-ta-ri, mak-ta-ba, lab-da, silabi funge zilizokuja na maneno ya mkopo, na wanafunzi hawajafa. Ila kwenye -ndo- ya endoskopi sikubali en-do. Nd kwetu ni sauti moja iliyoungana, kama kwenye nda-ni, hivyo e-ndo.

Na wanaosema mkazo wa Kiswahili hauna tofauti yoyote, waende wakaseme "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya sawasawa mbele ya mzee wa Pemba waone watakavyosahihishwa.

---

Ticha wa Zamu

Mwalimu nakukubali kwenye SKO ya Kiswahili, na hii ndiyo sababu nimekuwa nikisema kanuni mbili zikae ukurasa mmoja: Kiingereza ya tatu kutoka mwisho, Kiswahili ya pili. Ukijua unazungumza lugha gani kwa wakati huo, umemaliza.

Ila naongeza kitu kinachowapa wanachuo moyo. Si mikia yote inatupinga. Itis, osis na oma hata kwa Kiingereza huweka mkazo ya pili kutoka mwisho: appendi-CI-tis, tubercu-LO-sis, carci-NO-ma. Hayo Mswahili anayatamka sawasawa bila kufundishwa na mtu, ukiacha zile irabu za Kiingereza. Magonjwa yametuhurumia, vipimo ndivyo vinavyotutesa.

Kuhusu ga-stro na gas-tro sitaingia, hiyo vita ni yenu na imedumu kuliko ajira yangu.

---

Kichwa Ngumu

Mnapoteza muda na herufi 26. Wanaume tunatamka hii:

pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis

Herufi 45. Nani anaikata?

---

Ticha wa Zamu

Niliisubiri tangu nimefungua uzi, imechelewa.

pneu-mo-no-ul-tra-mi-cro-scop-ic-sil-i-co-vol-ca-no-co-ni-o-sis. Silabi 19. P ya mwanzo haitamkwi, mkazo mkuu kwenye o ya o-sis, ya pili kutoka mwisho, kama nilivyosema juu ya osis.

Ila mkuu, hilo ni neno la mchezo. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani, makusudi ili liwe refu. Hakuna daktari anayeliandika kwenye faili. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe mpaka mapafu yakakakamaa ataandikiwa silikosisi, silabi tano za Kiswahili, na ugonjwa ni uleule na mateso ni yaleyale. Dude letu la OGD linaandikwa kwenye fomu za wagonjwa halisi, ndiyo maana nimelichagua.

---

Msafiri wa Mbali

Naandika kutoka Marekani, kazi yangu ni ukalimani wa hospitalini, Kiswahili na Kiingereza. Wateja wangu wengi ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi.

Ile herufi ya kwanza aliyoitaja Ticha ndiyo inayotuletea kizaazaa. Wamarekani wanaandika esophagus bila o, kwa hiyo kwao kipimo kinaitwa EGD. Mgonjwa amekuja na makaratasi yake ya Dar au Nairobi yameandikwa OGD. Anaulizwa kama amewahi kufanyiwa EGD, anajibu hapana, kwa sababu anayoijua ni "o-ji-di". Mkalimani asiyejua atatafsiri "hapana" na kusonga mbele, na mtu wa watu anaandikiwa kipimo upya. Mimi nikisikia hivyo naomba ruhusa kwa daktari nifafanue kwamba ni kipimo kilekile. Tunaruhusiwa kufanya hivyo, si kuingilia.

Kutamka neno zima inanibidi mara moja moja, hasa wakati wa kusoma fomu ya ridhaa, maana fomu inasomwa kama ilivyo. Nalitamka kwa Kiingereza chao, na NOS mahali pake, halafu narudi Kiswahili: "Watakupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, utashuka kwenye umio, utaingia tumboni, utafika mwanzo wa utumbo mdogo." Nikishasema hivyo nasikia pumzi zinashuka upande wa pili wa simu.

Na jambo la silabi: kwa simu, ukimeza silabi ya katikati daktari anasikia kipimo kingine. Gastroskopi, duodenoskopi, kolonoskopi, zote mkia mmoja. Kichwa ndicho kinachotofautisha unaingilia mdomoni au kwingine!

---

Chumvi Kidogo

Hapo kwa "kwingine" nimeelewa umuhimu wa silabi kuliko miaka yote niliyokaa shuleni 😂

---

Kanda ya Kivu

Jambo ndugu zangu. Sisi huku Bukavu tumesomea Kifaransa, na Mfaransa alishachoka na hilo neno zamani. Yeye anasema fibroscopie œso-gastro-duodénale. Ile phago ameitupa, kabakiza œso. Watu hospitalini wanakata tena, wanasema "fibro" tu. "Nimefanya fibro", basi umeeleweka.

Kwa mkazo sisi hatuna shida ya NOS wala SKO, maana Kifaransa kinaweka uzito mwishoni kabisa. Mgonjwa wetu akienda kutibiwa Kampala au Dar ndipo anachanganyikiwa. Ana karatasi yenye FOGD, anaambiwa OGD. Naomba mwenye kuandika mabango ya hospitali za mipakani aweke zote tatu: OGD, EGD, FOGD.

---

Bin Hisabu

Ticha umesema silabi 12 ukapita kimya kimya. Unajua duodeni maana yake nini?

Ni kumi na mbili. Herophilus, tabibu wa Kigiriki aliyekuwa Aleksandria miaka kama 300 kabla ya Kristo, alikiita kile kipande cha utumbo kwa jina la vidole kumi na viwili, kwa kuwa urefu wake ni kama upana wa vidole 12 vilivyopangwa pamoja. Vitabu vya leo vinasema sentimita 25 hivi, kwa hiyo mzee hakuwa mbali. Waarabu wakaipokea tafsiri hiyo, wakasema ithnaashara, na Walatini wakapata duodenum.

Na ithnaashara si mgeni kwetu. Ndiyo thenashara. Wakristo wanaisoma kwenye Biblia ya Kiswahili, "mmoja wa wale Thenashara", na mitaa ya Dar na Unguja ina Waithnaasheri wanaofuata maimamu kumi na wawili. Kwa hiyo katikati ya dude lenu la silabi thenashara kuna thenashara nyingine imejificha. Iwe imepangwa au haikupangwa, mimi nimefurahi.

---

Mwalimu Tega Sikio

Haikupangwa, lakini darasani Jumatatu naitumia kama imepangwa.

---

Dirisha la Dawa

Nipo kwenye famasi, naomba niwatoe kwenye vipimo kidogo. Silabi kwetu si mapambo.

Chukueni dawa mbili hizi: chlorpromazine na chlorpropamide. Ya kwanza ni ya magonjwa ya akili, ya pili ni ya kisukari, inashusha sukari. Kwa mdomo wetu: klo-pro-ma-zi-ni, klo-pro-pa-mi-di. Silabi mbili za mwanzo zimefanana kama pacha, tofauti yote ipo kuanzia ya tatu. Sasa mtu wetu anavyotamka maneno marefu, mwanzo anapaza sauti, mwisho anaumeza. Yaani anapaza sehemu inayofanana na kumeza sehemu inayotofautisha. Mgonjwa wa akili asiye na kisukari akipewa ile ya pili, sukari inashuka mpaka anaweza kupoteza fahamu.

Ndiyo maana kwenye orodha za usalama wa dawa utakuta zimeandikwa chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE, herufi kubwa katikati ya neno, ili jicho lishike pale panapotofautiana. Nawashauri wauguzi wanaopiga simu famasi wafanye hivyo kwa sauti: kaza MAZINI, kaza PAMIDI, hata kama kanuni ya mkazo ya Mwalimu Tega Sikio itaumia. Halafu bado andika.

Kwa nyingine tumejiokoa kwa vifupisho. Sulfadoxine-pyrimethamine ni SP, kila mama mjamzito aliyewahi kwenda kliniki anaijua. Artemether-lumefantrine ni ALU, au "mseto". Hapo hakuna silabi ya kumeza.

---

Mwalimu Tega Sikio

Kwa jambo la uhai nakupa ruhusa uvunje kanuni zote, Dirisha.

---

Mwana wa Newala

Mnalalamikia maneno ya wageni, mbona wageni wanalia na letu? Chikungunya. Ugonjwa ulitambuliwa kwetu, nyanda za Wamakonde, kwenye mlipuko wa 1952, na jina ni la Kimakonde, kwa vile mgonjwa viungo vinamkunja. Kwetu ni chi-ku-ngu-nya, silabi nne, zote wazi, mkazo ya pili kutoka mwisho, mtoto wa chekechea anasoma. Mzungu anaikata chik-un-gun-ya, silabi ya kwanza kaifunga, ng ya ngoma kaipasua katikati, halafu anakwambia ni neno gumu.

Waganda nao wana o'nyong-nyong ya mwaka 1959, jina la Kiacholi. Hiyo nimemsikia mtangazaji wa kigeni akiivamia, nikaona Mungu ana haki.

---

Ticha wa Zamu

Umenikumbusha jambo la ng. Hapo Mswahili ana faida kwenye maneno ya kidaktari. Otorhinolaryngology, idara ya masikio, pua na koo, ina laryngo katikati. Ng yake hapo ni ileile ya ngoma, hasa. Kwa hiyo soma kama unavyosoma Kiswahili: o-to-rai-no-la-ri-NGO-lo-ji. Silabi tisa, mkazo ya tatu kutoka mwisho kama logy zote.

Kitu cha kuangalia ni irabu inayofuata g. Ikifuatwa na a, o au u, g ni ya gari: laringoskopi, isofago. Ikifuatwa na e, i au y, kwa kawaida inageuka j: laryngitis ni la-rin-JAI-tis, dysphagia ni dis-FEI-ji-a. Yaani phago ya kwenye umio na phagia ya shida ya kumeza ni mzizi mmoja, kula, ila g moja inatamkwa gari na nyingine jani. C nayo inafuata njia hiyo: k mbele ya o kwenye scopy, s mbele ya i au y, kama kwenye cyst.

---

Mwana wa Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mpangaji wa kurasa, nachapa vitabu vya shule. Mnazungumzia mdomo, mimi nina kero ya kistari. Neno likifika mwisho wa mstari programu inalikata yenyewe, na kama umeiacha kwenye Kiingereza inakata Kiswahili kwa sheria za Kiingereza. Nimeona nyum-ba badala ya nyu-mba. Kwenye kitabu kinachofundisha silabi!

Kwa haya maneno ya kidaktari nafanya hivi: nalikata kwenye kiungo cha maana, esophago- juu, gastroduodenoscopy chini. Msomaji wa kimya hahitaji silabi za mdomo, anahitaji kutambua kipande. Wamarekani hupenda kukata kwa matamshi, Waingereza wa zamani kwa asili ya neno. Mimi kwa kitabu cha sayansi niko na Waingereza wa zamani.

---

Ticha wa Zamu

Hoja nzito hiyo na sikuwa nimeifikia. Kumbe mkato wa maana una makao yake: kwenye karatasi. Ule wa mdomo ubaki mdomoni. Nitawaambia wanachuo hivyohivyo.

---

Kichwa Ngumu

Nimejaribu ile ya kuanzia nyuma na neno langu la herufi 45. O-sis. Ni-o-sis. Co-ni-o-sis. Mke wangu ameuliza kama niko sawa.

---

Mama Pacha

Jamani naomba nipime uelewa wangu. Nimeandikiwa kipimo, kwenye fomu wameandika HSG, na chini kirefu chake: hysterosalpingography. Nimesoma uzi wote, nikajaribu mwenyewe:

his-te-ro-sal-pin-GOG-ra-fi

Silabi nane. Mkazo ya tatu kutoka mwisho kwa sababu ni graphy. G zote ni za gari, ya kwanza inafuatwa na o, ya pili inafuatwa na r. Ng ni ya ngoma. Nimepata?

---

Ticha wa Zamu

Zote. Hystero ni mji wa mimba, salpingo ni mirija, graphy ni kuchora au kupiga picha. Ukifika dirishani wewe sema HSG tu, lakini ujue unaloweza kufanya.

---

Mama Pacha

Asante ticha. Sasa ambacho hakuna aliyeniambia: wanafanya siku gani? Nimepewa fomu, nikaambiwa "utakuja".

---

Nesi Mtulivu

Dada, kawaida ni siku chache baada ya hedhi kumalizika, kabla yai halijapevuka, ili kuhakikisha huna mimba. Siku ya kwanza ya hedhi ijayo piga simu idara ya mionzi, waambie ndiyo imeanza leo, watahesabu na kukupangia tarehe. Uliza pia kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza kabla ya kwenda, wengine hawaambiwi. Na kama una mzio wa dawa yoyote au wa iodini, waambie mapema wakati wa kupanga, usisubiri ukiwa umeshalala mezani. Mengine njoo faragha.